Mwenyekiti Asiyelowa

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, Benedicta alichota nusu ndoo ya maji kwenye tangi, akayachanganya na birika moja la moto, akayapima kwa kiwiko kama anavyompimia mtoto, kisha akaiweka ndoo bafuni na kugonga mlango wa chumba cha baba yake.

"Baba, maji tayari."

"Asante mama," alijibu Mzee Gozbert. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye kazi mpya na alitaka kutoka Goba kabla magari hayajafungana kule Makongo.

Baada ya dakika kumi alitoka bafuni amejifunga taulo, mkavu. Akamwambia binti yake, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani, kwamba maji hayamshiki.

"Hayakushiki vipi?"

"Njoo uone."

Akainama kwenye karo la kufulia nyuma ya nyumba. Benedicta akachota kwa kata, akammiminia kichwani. Maji yalishuka mpaka karibu na nywele, yakagawanyika kama watu wanaopisha gari, yakapita pembeni ya masikio na mabega kwa nafasi ya kidole kimoja, yakaanguka kwenye saruji. Akajaribu kwa kopo. Akajaribu kwa kiganja. Akalowesha kitambaa na kumsugua nacho mgongoni. Kitambaa kilipomgusa kilikuwa kimeshakauka. Ndoo ikaisha. Benedicta alisikitika, maana boza la maji lisingepanda tena kule juu mpaka Alhamisi.

"Jipake mafuta tu baba. Utachelewa."

Mzee Gozbert akajipaka mafuta ya nazi, akavaa suti ya kijivu, akaenda kazini.

Kazi aliyoistaafu mwezi Juni aliifanya miaka ishirini na miwili, kwenye Mamlaka inayosimamia kampuni za maji. Kampuni ikitaka kupandisha bei, ilibidi ipite kwake. Mtaa ukikauka, watu walimwandikia yeye. Alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni na maneno machache, na kila barua aliijibu, hata zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Mwaka wake wa mwisho aliandika Amri Namba Kumi na Nne, iliyoitaka kampuni ya Tiririka ifikishe maji mtaa wa Mwinuko, Goba, ndani ya miezi kumi na minane. Mabomba yalikuwepo Mwinuko miaka minne. Yalitoa upepo. Asubuhi ukifungua unasikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyechoka, basi.

Yeye mwenyewe aliishi Mwinuko, nyumba ya nne kutoka msikitini. Ndiyo maana alipostaafu majirani walimfanyia karamu uani kwa Nasser, mwenye duka, ambaye babu yake alishuka pwani hii na magunia ya tende na ukoo haukuondoka tena. Walipika pilau, wakamvisha shada la maua ya plastiki, na kabla ya kugawana soda wakamchagua kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya mtaa. Waliona hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo: aliyeiandika amri sasa yupo nyumbani, ana muda, atasimamia amri yake. Mzee Gozbert hakukubali wala hakukataa. Aliinamisha kichwa, wakapiga makofi. Benedicta wakamfanya katibu, kwa kuwa alikuwa anasoma masomo ya jioni kule Mwananyamala ili arudie mtihani wa kidato cha nne, na mwandiko wake ulikuwa unasomeka.

Mwezi Agosti Tiririka wakamwita Mzee Gozbert, wakampa cheo cha Mshauri Mwandamizi. Alimweleza Benedicta peke yake, jioni, wakati binti huyo akimbadilisha nepi mtoto wake Gladness, aliyekuwa na miezi miwili.

"Ni kushauri tu," alisema.

"Utawashauri walete maji?"

"Mtu akiwa ndani ana nafasi ya kusema."

Benedicta alimwamini. Mumewe Wilbert alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, anaonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, na toka mama yake afariki baba ndiye aliyekuwa ukuta wake. Alifunga nepi, akambusu mtoto tumboni, akafikiria bomba linalotoa maji.

Mtaa uliuzoea upesi ule ukavu wake. Bupe, jirani anayekaanga vitumbua, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, siku mvua za vuli zilipoanza na Mzee Gozbert akapita mbele ya jiko lake bila mwavuli, suti haina hata tone.

"Shikamoo mzee. Naona mvua inakukwepa."

"Marahaba. Ndiyo, maji yamenikataa."

"Pole. Hata sie yametukataa mwaka wa nne huu," alisema Bupe, akageuza kitumbua. "Lakini wewe yamekukataa vizuri, hufui nguo."

Kanisani, Padri Albano alipopita akinyunyizia waumini maji ya baraka, alimnyunyizia Mzee Gozbert mara mbili, akaona matone yanazunguka na kumwangukia mama wa pembeni, akaendelea na benchi lililofuata. Yule mama alijifuta, akashukuru. Nyumbani Mzee Gozbert aliishi kwa chai ya maziwa, supu na uji, vitu ambavyo havikumkataa. Jasho lake lilibaki ndani. Baada ya miezi kadhaa alianza kunuka vumbi na karatasi, si harufu mbaya, ni harufu ya kabati la ofisi lililofunguliwa baada ya likizo. Gladness aliipenda, alilala haraka akiwekwa kifuani kwa babu.

Kampuni ilifurahi. Mwezi Novemba bomba kubwa lilipasuka Tandale, karibu na soko, maji yakaruka juu kuliko nguzo za umeme, wapagazi wakavua viatu na akina mama wakakimbilia na mabeseni. Tiririka wakamtuma Mshauri Mwandamizi aongee na watu wa televisheni. Alisimama katikati ya yale maji, mkavu kama unga, tai imenyooka, akasema hali ni ya kawaida na wananchi wawe na subira. Ilionekana vizuri sana. Kuanzia hapo kila bomba likipasuka walimsimamisha yeye.

Watu wa Mwinuko waliiona habari hiyo kwenye runinga ya dukani kwa Nasser. Chini ya picha yake kulikuwa na maandishi: jina lake, na jina la kampuni. Waliokuwa wanacheza bao waliacha kucheza. Mmoja akasema, "Kumbe." Mwingine akaomba sigara. Benedicta alikuwa amesimama kaunta na mtoto mgongoni, amekuja kununua sabuni ya kipande. Nasser alimfungia sabuni polepole kuliko kawaida, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mkono wa pole. Benedicta alitoka bila kuchukua chenji yake.

Kesho yake asubuhi Nasser alibisha hodi, kanzu imepigwa pasi.

"Mzee Gozbert, nimetumwa. Wewe bado mwenyekiti wetu?"

"Hamjanitoa."

"Sie mtaa huu hatuna desturi ya kumtoa mtu mzima kwenye kiti. Tukikutoa, kesho tutakusalimiaje?"

"Basi bado."

"Basi bado," alisema Nasser, akaaga.

Ikawa hivyo. Kila Jumapili ya pili ya mwezi kamati ilikutana uani kwa Nasser, kiti cha mwenyekiti kinawekwa katikati kikiwa kitupu, na Benedicta anaandika kwenye daftari: Mwenyekiti ametoa udhuru. Hakuna aliyeuliza udhuru gani. Bupe pekee ndiye aliyewahi kusema, kile kiti kikipigwa jua sana kitapasuka, wakihamishie kivulini. Wakacheka, kisha wakakumbuka Benedicta yupo, wakanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikomuuma.

Jumamosi moja ya Januari baba yake alimpitia yeye na mtoto kule Mwananyamala baada ya darasa, na gari la kampuni, wakaingia kwanza kwenye baa yenye nyama choma ambako wenzake walikuwa wanamsubiri. Kwenye meza ya mwisho walikaa wazee wawili. Mmoja aliitwa Elibariki, alikuwa mdhibiti wa umeme na sasa alishauri kampuni inayouza umeme. Taa iliyokuwa juu ya meza yake ilikuwa imezimika. Zile za meza nyingine zote ziliwaka. Mwingine aliitwa Alfonsi, alikuwa mdhibiti wa simu na sasa alikuwa mkurugenzi kwenye kampuni ya simu. Sauti yake haikupita tena kwenye simu yoyote. Akipiga, wa upande wa pili anasikia kama mtu anayekunja gazeti. Alitembea na kijitabu cha kuandikia ujumbe.

Benedicta akawaamkia, wakaitikia, wakamwagizia soda. Gladness akapelekwa mapajani kwa babu.

"Yangu yalianza siku ya tatu," alisema Elibariki, akikata nyama kwa kukisia, maana pale alipokaa palikuwa na giza. "Nikadhani umeme umekatika. Nikapiga simu kulalamika kwenye ofisi yangu ya zamani. Wakaniambia, mzee, malalamiko andika barua."

"Ukaandika?"

"Niandike wakati najua zinapoishia?"

Wakacheka, wote watatu. Alfonsi akasema mkewe ameshazoea. Anasema afadhali, zamani alikuwa anapigiwa simu kila saa kuulizwa mboga iko wapi.

"Na inaponaga?" aliuliza Mzee Gozbert. Hakumtazama mtu, alimtengeneza mtoto kofia.

"Mie mwaka wa sita huu," alisema Elibariki.

"Rugaimukamu alipona," alisema Alfonsi.

"Yule aliacha kazi."

"Ndiyo, aliacha. Alikataa kusaini kitu fulani, akarudi kwao Karagwe. Taa zinawaka usiku kucha. Anafuga nyuki."

Wazee walitafakari nyuki kwa muda. Elibariki akatikisa kichwa. "Nyuki wanauma," alisema, akaagiza nyama nyingine.

Benedicta aliyashika maneno hayo. Njiani kurudi Goba, mtoto amelala, aliyarudia kichwani kama anavyorudia kanuni za hesabu: alikataa kusaini, taa zikawaka. Alimtazama baba yake pembeni, mikono yake imepauka kwenye usukani kama ubao wa darasani, akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo na linawezekana.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mamlaka ilikuwa inaitisha taftishi, yaani mkutano ambao wananchi na kampuni wanakaa ukumbi mmoja na kila upande unasema la kwake kabla Mamlaka haijaamua. Tiririka ilikuwa inaomba ifutiwe Amri Namba Kumi na Nne. Ikifutwa, Mwinuko haitakuwa na haki ya kudai maji tena, na watu watabaki na boza, na kisima cha Nasser ambacho maji yake yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu.

Benedicta aliandika maelezo ya wananchi siku nne, mtoto akinyonya. Aliandika kuhusu pumzi ya mabomba. Aliandika kuhusu mama aliyejifungua kule bondeni akaogeshwa kwa maji ya kuazima. Alifuta, akaandika tena, akanakili kwa wino mweusi. Siku ya mwisho akamkuta baba yake sebuleni, anasoma faili lenye nembo ya Tiririka.

"Baba, wewe ndiye utakayesema kwa niaba yao?"

"Nimepewa nisome tu."

"Amri uliandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nimepewa."

Benedicta akakaa kwenye mkeka, chini ya kiti chake, kama alipokuwa mdogo. "Rugaimukamu aliacha, taa zikawaka."

Mzee Gozbert akavua miwani. Hakukasirika. "Rugaimukamu hana mtoto anayesoma jioni," alisema. "Hana mjukuu anayeishi chini ya dari lake. Mie nikirudi kukaa kibarazani, mama, hayo masomo unayapeleka wapi?"

Benedicta alitazama daftari lake, kalamu, begi la shule alilonunuliwa mwezi Oktoba, maziwa ya kopo mezani. Aliona aibu ina viti viwili na yeye amekalia kimoja. Akasema, "Nitaacha masomo."

"Hutaacha," alisema baba yake, akavaa miwani.

Taftishi ilifanyika ukumbi wa kata, saa nne asubuhi, katikati ya Februari. Mlangoni kila mtu aliandika jina, simu, na upande anaotoka, kisha akapewa chupa ya maji na andazi. Meza kuu alikaa Bi Hamdiya, aliyewahi kuwa msaidizi wa Mzee Gozbert miaka tisa na sasa alikalia kiti chake. Alimwamkia kwanza, shikamoo mzee, ndipo akafungua kikao.

Alianza kwa kusoma orodha ya waliohudhuria. "Kamati ya Maji ya Mwinuko. Mwenyekiti wenu nani?"

Watu wa Mwinuko walitazamana. Nasser akasimama, akaelekeza mkono, kwa heshima, vidole vyote vikiwa wazi, kwenye meza ya kampuni. "Ni yule pale."

Bi Hamdiya akatazama karatasi yake. "Hapa ameandikwa Tiririka."

"Na kwetu ameandikwa," alisema Benedicta, akafungua daftari la kumbukumbu. "Hajatolewa."

Hakuna aliyecheka. Msaidizi wa Bi Hamdiya alimnong'oneza kitu. Bi Hamdiya akatikisa kichwa kwamba hakuna kanuni inayokataza. Akageukia meza ya kampuni.

"Mzee, kwa kumbukumbu tu. Leo unazungumza kwa upande upi?"

Mzee Gozbert alisimama. Kwa muda mrefu kidogo alisimama tu, amegusa meza kwa ncha za vidole. Benedicta alimwona anatazama upande wao: akina mama na khanga zao mabegani, Nasser na kanzu yake, Bupe aliyefunga jiko siku nzima ili aje. Alimwona anamtazama Gladness, ambaye alimtambua babu yake akarusha mikono. Benedicta alifikiri, sasa.

"Kwa upande wa kampuni," alisema Mzee Gozbert.

Akafungua faili. Alisoma vizuri, bila kukwama. Alieleza kwamba amri ya namna hiyo inatakiwa kuambatana na kipimo cha presha ya maji, kilichochukuliwa mtaani na kutiwa sahihi, na kwamba Amri Namba Kumi na Nne haikuambatana na kipimo chochote. "Aliyeiandika," alisoma, "alifanya kazi kwa haraka kwa kuwa alikuwa anakaribia kustaafu. Ni kasoro ya mwandishi, na kampuni haiwezi kubebeshwa kasoro hiyo." Macho yake yalikuwa makavu, lakini hilo halikuwa na maana, yalikuwa makavu tangu Septemba.

Alipokuwa anasoma, maji kwenye chupa za meza ya kampuni yalianza kulala upande, yakimwinamia mtu yeyote isipokuwa yeye. Kisha yakalala ya meza kuu. Chupa moja ikaanguka. Msaidizi wa Bi Hamdiya alizikusanya zote, akazipeleka kwenye meza ya mlangoni, akarudi kuandika.

Benedicta akaitwa kusoma maelezo ya wananchi. Sauti yake ilitetemeka mstari wa kwanza, ikakaa sawa mstari wa tatu. Aliposoma kuhusu mama wa bondeni, watu wa Mwinuko waliguna kwa pamoja, guno la chini. Alipomaliza walimpigia makofi. Mzee Gozbert naye alipiga, taratibu, kisha akakumbuka alipokaa, akaweka mikono mapajani.

Nje, kikao kilipoisha, Benedicta alimsubiri baba yake kwenye kona ya ukumbi. Alimwona hatua chache kutoka pale, anaongea na Bi Hamdiya karibu na magari.

"Mkataba wangu unaisha Juni, mzee," Bi Hamdiya alikuwa anasema, sauti ya chini. "Huko kwenu Tiririka, nafasi zipo?"

"Lete wasifu," alisema Mzee Gozbert.

"Na hilo la maji?"

"Unazoea. Tafuta mafuta mazuri tu."

Amri ilifutwa baada ya siku ishirini na moja. Tangazo lilibandikwa juu ya lile la kwanza, na kipande cha utepe wa gundi kwenye pembe. Kamati ya Maji iliendelea kukutana Jumapili ya pili, kwa kuwa ilikuwa imezoea, na mwenyekiti aliendelea kutoa udhuru. Wakiwa na mambo machache ya kujadili walikunywa kahawa ya Nasser na kumuuliza Benedicta mtihani ni lini.

Kitu kilichobadilika ni umbali. Zamani maji yalimkwepa Mzee Gozbert kwa kidole kimoja. Baada ya taftishi yalimkwepa kwa hatua tatu, halafu kwa upana wa chumba. Ikabidi Gladness aogeshwe kwa Bupe. Akina mama waliobeba ndoo kichwani walipomwona anakuja walivuka barabara mapema, si kwa chuki, ni kwa sababu akipita karibu ndoo zinamwagika upande wa pili. Walimwamkia kutoka huko huko, shikamoo mzee, naye akaitikia.

Masika yalipoingia, ilionekana kwamba mvua inanyesha Goba yote isipokuwa juu ya nyumba ya Mzee Gozbert na nyumba mbili zilizopakana nayo, endapo yupo ndani. Mwinuko haikuwa na maji mengine ya bure zaidi ya hayo ya bati. Majirani hawakusema neno. Walitoa tu mapipa yao nje, wakayapanga chini ya michirizi, wakasimama milangoni wakitazama juu. Siku ya tatu Mzee Gozbert alielewa. Mawingu yalipojikusanya alichukua kiti cha plastiki na faili lake, akatoka getini, akashuka kilima mpaka barabara ya lami, penye uwanja ambao haujajengwa, akakaa. Nyuma yake mvua ilishuka juu ya mapaa kwa kishindo, na watu wakasikika wakiitana waongeze mabeseni.

Ikawa ndiyo desturi. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemshukuru.

Jumamosi moja mvua ilianza saa nane mchana na haikuonyesha dalili ya kukata. Saa kumi Benedicta alimwachia Bupe mtoto, akapakua ndizi za nyama kwenye bakuli lenye mfuniko, akashuka nalo kilima. Alilowa kabla hajafika kwa Nasser. Aliona kutoka mbali duara la vumbi kavu katikati ya uwanja, na baba yake katikati ya duara, kwenye kiti, miguu imekaa pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Alipoingia kwenye ule ukavu, maji yalimtoka mwilini na kukimbilia nyuma, nywele zikakauka, gauni likawa jepesi. Akamkabidhi bakuli. Mzee Gozbert akalipokea kwa mikono miwili.

"Umelowa bure, mama."

"Si neno."

Alikula kidogo. Kutoka juu kwenye mtaa sauti za mapipa zilikuwa zimebadilika, zimekuwa nzito. Benedicta alisimama pembeni yake, akasikiliza. Alitaka kumuuliza tena lile la Rugaimukamu kuacha kazi, na alijua pia kwamba mtihani wake wa majaribio ni wiki ijayo na ada imeshalipwa.

"Mapipa yamejaa?" aliuliza baba yake.

"Ya kwa Nasser yamejaa. Letu nusu. La Bupe bado, lake kubwa."

"Basi nitakaa," alisema Mzee Gozbert. Akafunika bakuli, akaliweka chini ya kiti, akafungua faili la Mbagala, ambako taftishi nyingine ingefanyika Jumatatu.